Mpingo Unakokwenda Kuimba

Ukiiacha Tanga mjini ukapita Muheza na Segera, kisha ukashika njia ya Mkata kwenda Handeni, minazi hukuaga mapema. Mikonge hukusindikiza kidogo, nayo hubaki nyuma, na nchi inakuwa ya nyika: vichaka, miiba, na nyasi ndefu zinazoungua karibu kila kiangazi. Katika nyika hiyo umo mti ambao abiria wa basi hautambui, kwa sababu hauna kitu cha kumfanya ageuze shingo. Mara nyingi mashina yake hutoka matatu manne kwenye mzizi mmoja, yamepindapinda, gome ni la kijivu, matawi yana miiba, na kiangazi hupukutisha majani yake hata ukadhani umekufa. Ni nadra kupita mita 15 kwenda juu. Huo ndio mpingo.

Anayeujua ni mwenye shoka. Chini ya gome kuna ukanda mwembamba wa mti mweupe unaoelekea manjano, na ukanda huo ukiisha ndipo kinapoanza kiini, cheusi chenye kivuli cha zambarau, kizito hata kikitumbukia mtoni kinazama. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000; ya kiini cha mpingo hupita kilo 1,200. Mti huu huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na katika miaka hiyo yote moto wa nyika huupitia mara nyingi bila kuumaliza. Wazee wetu waliutaka kwa mchi wa kinu na kwa bakora. Wachongaji wa Kimakonde wakauchonga vinyago vilivyoenda dunia nzima. Na kwa zaidi ya miaka 100 viwanda vya Ulaya vimeutaka kwa kazi ambayo wengi wetu huku unakoota hatujawahi kuisikia kwa masikio yetu: kutengeneza klarineti.

Hapo ndipo fikra yangu inaposimama kila nikipita njia ile. Nenda Vienna, nenda Berlin, nenda New York, keti katika ukumbi wowote wa okestra, utazame safu ya wapulizaji iliyo katikati ya jukwaa. Bomba lile jeusi lenye vifungo vya fedha ambalo mpigaji amelishika mbele ya kifua, kwa sehemu kubwa ni mpingo, na mpingo unaouzwa katika soko la ala za muziki hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Mti wenyewe umeenea Afrika kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, lakini ule mnene, ulionyooka kiasi cha kutoa kipande kisicho na ufa wala fundo, umebakia huku kwetu. Wapigaji wale hawajuani na mpasuaji mbao wa Handeni au wa Kilwa, ila kila siku wanaweka mikononi kitu alichokishika yeye kwanza.

Nao wapiga klarineti ni watu wa jumuiya kweli kweli. Tangu 1973 wana chama chao cha kimataifa, na kila mwaka hukutana katika mkutano wanaouita ClarinetFest, wanatoka mabara yote, wanapigiana, wanafundishana, wanabishana juu ya ulimi wa ala hadi usiku. Ulimi huo ni kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye mdomo wa klarineti. Pumzi ikipita, kinatetema na sauti inazaliwa. Tete lenyewe linalosifika zaidi hukua wilaya ya Var, kusini mwa Ufaransa. Vizibo vinavyobana viungo vya bomba ni gome la mti wa koki wa Ureno na Hispania. Kwa hiyo kabla hata ya kupulizwa, klarineti moja imeshakusanya watu wa nchi tatu nne, na kati yao wote ni mtu wa msituni peke yake ambaye hakuna anayemtumia barua ya mwaliko.

Historia yao wanaijua kwa moyo. Johann Christoph Denner wa Nuremberg ndiye anayetajwa kuibuni ala hii karibu na mwaka 1700, akiikuza kutoka filimbi ndogo ya ulimi mmoja. Zile za mwanzo zilikerezwa kwa mti mwingine, mgumu wa rangi ya manjano, uotao Ulaya. Mpingo ulikuja kushika nafasi katika karne ya 19, vifungo vilipozidi kuwa vingi na mafundi wakahitaji mti unaokubali kutobolewa matundu yenye kingo kali bila kupasuka na bila kulewa unyevu wa pumzi. Mozart alimwandikia rafiki yake Anton Stadler utungo wa klarineti na okestra mwaka 1791, mwaka uleule aliofariki. Miaka 100 baadaye Brahms alikuwa ameshaamua kuweka kalamu chini, akamsikia Richard Mühlfeld akipiga katika mji wa Meiningen, akairudia kalamu. Nampenda Brahms kwa hilo. Mzee aliyesema yatosha, na pumzi ya mtu mwingine ikamwambia bado.

Lakini kati ya habari zote za ala hii, ipo moja inayonikaa zaidi. Januari 1941, katika kambi ya wafungwa wa vita ya Wajerumani iliyoitwa Stalag VIII-A, huko Görlitz, mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen alipigisha kwa mara ya kwanza utungo wake juu ya mwisho wa nyakati. Wapigaji walikuwa wanne, wafungwa watupu, na baridi ilikuwa kali. Mpiga klarineti aliitwa Henri Akoka, Myahudi mzaliwa wa Algeria. Sehemu moja ya utungo ule ni ya klarineti peke yake, bila piano, bila fidla, na ndani yake kuna noti ndefu zinazoanzia kwenye ukimya kabisa. Msikilizaji hawezi kusema ni wakati gani sauti ilianza. Inakuwapo tu, kisha inakua, inajaa, inafikia kiasi cha kuumiza masikio. Karibu hakuna ala nyingine ya pumzi inayoweza hivyo kwa urahisi ule. Tarumbeta ina mlango wake wa kuingilia. Filimbi ina upepo unaotangulia sauti. Klarineti hutoka kusikokuwa na kitu.

Sisi watu wa pwani hii tuna ala ya pumzi iliyo kinyume chake, na ndiyo maana kumsikiliza Akoka akilini kunanirudisha hapa. Zumari haiujui ukimya. Ina ulimi maradufu wa jani, mpigaji huumeza wote kinywani, midomo inakaa kwenye kisahani, mashavu yanatuna, na pumzi mpya inavutwa puani huku ya zamani ingali inasukumwa nje, ili sauti isikatike. Wadigo, walioko Mkinga na ng'ambo ya mpaka hadi Kwale, wanaipiga katika sengenya, juu ya ngoma na upatu, na inasikika vijiji viwili mbali. Zumari haiombi usikilizwe. Inatangaza kwamba kuna harusi, na aliye jikoni anaacha chungu. Nimekua nikiamini kwamba sauti ya pumzi ni hiyo, ya uwanjani, ya jua na vumbi, na bado naamini hivyo. Klarineti ilinifundisha tu kwamba pumzi hiyohiyo inaweza pia kuwa siri.

Je, klarineti ilikuwa mgeni Tanga? Si mgeni sana. Shule ya serikali ya Wajerumani hapa mjini, ileile iliyochapisha gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na bendi ya kupuliza ya wanafunzi. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, iliishika pwani yote kwa mashindano ya makundi ya Marini na Arinoti, vijana wamevaa sare na kupeana vyeo vya kijeshi, wakiigeuza tarumbeta ya mkoloni kuwa yao. Baadaye zikaja bendi za polisi na za jeshi, ambazo hadi leo hupiga siku za sherehe za taifa. Katika bendi ya namna hiyo klarineti hubeba kazi ambayo katika okestra hubebwa na fidla: inashika wimbo wenyewe, inapanda na kushuka bila kupumzika, huku shaba zikipewa sifa. Watu uwanjani hutazama tarumbeta kwa sababu zinang'aa. Mpiga klarineti yuko safuni, mweusi na ala nyeusi, anafanya kazi nyingi kuliko wote.

Njia ya pili iliyoleta sauti hii ilipita Kongo. Mwaka 1956 kundi la OK Jazz lilianza Léopoldville, na mmoja wa waliolianzisha alikuwa Jean Serge Essous, kijana wa ng'ambo ya mto, Brazzaville, ambaye alipiga klarineti. Sikilizeni santuri zile za mwanzo. Gitaa la mwenzake Franco linasuka chini, na juu yake klarineti ya Essous inatembea kama mtu aliyevaa suti mpya jioni ya Jumamosi, hana haraka, anajua anatazamwa. Sauti hiyo ina ukoo mrefu. Huko Martinique, kisiwa cha wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, klarineti ndiyo iliyokuwa malkia wa muziki wa bigini, na Alexandre Stellio aliipeleka Paris mwaka 1929. New Orleans nako ilikuwa na wapigaji wake weusi, akina Sidney Bechet. Miaka ya 1960 Essous mwenyewe aliishi Martinique akipiga na Ry-Co Jazz, kwa hiyo duara lilifungwa: muziki wa watu walioondolewa Afrika, ukapigwa na Mwafrika kwa ala ambayo kwa kawaida hukatwa kwenye mti wa Afrika, kwenye ardhi waliyopelekwa.

Santuri za Kongo zilifika Tanga na Tanga ikazijibu. Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, mji huu ulicheza dansi usiku kucha katika enzi ambayo wazee wa mtaa wa Ngamiani hawachoki kuisimulia. Lakini katika bendi zetu aliyekaa na kuota mizizi alikuwa binamu wa klarineti, saksafoni, iliyobuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji aliyekuwa mwenyewe fundi wa klarineti. Ulimi wa tete ni uleule mmoja, ila mwili ni wa shaba. Nadhani nafahamu sababu. Dansi letu lilipigwa uani, juu hakuna paa, gitaa zimeunganishwa kwenye vipaza sauti. Shaba inapenya, shaba haiogopi jasho wala mvua ya ghafla. Mpingo unadai utunzwe. Hapa kuna jambo linalonisikitisha na kunishangaza pamoja: mti uliostahimili moto wa Handeni miaka 80, ukishakuwa klarineti, unaogopa asubuhi ya baridi. Wapigaji wa nchi za theluji hawathubutu kupuliza ala mpya zaidi ya dakika chache kwa siku katika wiki za mwanzo, kwa hofu kwamba pumzi ya moto ndani na hewa ya baridi nje vitaupasua mti kati ya tundu na tundu.

Wanafizikia waliopima jambo hili wanasema kinachoimba ndani ya klarineti ni hewa iliyofungiwa, na kwamba kuta za bomba, ziwe za mpingo, za chuma au za plastiki, huchangia kidogo mno katika sauti anayoisikia msikilizaji. Naona wana hoja. Waturuki hupiga klarineti za chuma na hakuna anayeweza kuwaambia kwamba hawaimbi. Hata hivyo wapigaji wengi wanaapa kwa mpingo, na siwaiti wajinga. Bomba linataka tundu la milimita 14 na kitu kutoka juu hadi karibu na chini, lisilobadilika upana kwa unyevu, lililolainika kama kioo. Mpingo ndio unaompa fundi uhakika huo. Tena anayepuliza haisikii ala kwa masikio peke yake. Anaisikia kwa meno, kwa mfupa wa taya, kwa vidole tisa vinavyofunika matundu na kubonyeza vifungo, na cha kumi, gumba la kulia, kinachobeba uzito wa mti mzima. Uzito ule ni wa huku.

Thamani yake kwa mwenye msitu ni habari nyingine. Gogo likishapasuliwa, yakaondolewa meupe, nyufa, mafundo na sehemu zilizopinda, mara nyingi kinachofaa kuwa ala hakifiki sehemu moja ya kumi. Vipande hivyo vidogo vya mraba, vimepakwa nta vichwani visipasuke, ndivyo vinavyopanda meli. Vinavyobaki ni vumbi na kuni. Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa iliona hasara hiyo, na tangu 1994 hutengeneza pia klarineti za unga wa mpingo uliogandishwa kwa nyuzi na gundi. Jambo jema. Jema zaidi kwangu ni lililotokea kusini ya pwani yetu, Kilwa, ambako vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji chenye msitu wake wa hifadhi kujiwekea mapato ya mazao yake. Palipo na watu walioifahamu sheria hiyo, mpingo umejenga madarasa. Pasipo nao, lori linaingia usiku.

Dunia nayo ilishtuka. Tangu Januari 2017 biashara ya jamii nzima ya mti huu iliwekwa chini ya vibali vya mkataba wa kimataifa wa CITES, na kwa karibu miaka mitatu mwenye duka la klarineti alihangaika na karatasi hata kwa ala kuukuu, hadi mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa ziliposamehewa. Nilifurahi kwa jambo moja katika usumbufu ule: kwa mara ya kwanza wapigaji wengi waliulizana mti huu unatoka wapi.

Wapo waliokuwa wameshauliza mapema, na habari yao inafuata reli yetu. Reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikapanda Korogwe na Mombo chini ya milima ya Usambara, ilifika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910. Ni Moshi, ulikokuwa mwisho wa reli yetu wakati huo, ambako Sebastian Chuwa, mwana wa Kibosho na mtaalamu wa mimea, alianza kupanda mpingo na wanafunzi na vikundi vya kina mama. Mwaka 1996 yeye na James Harris, mkereza mbao wa Texas, walianzisha mradi wa kuuhifadhi mti huu. Harris alikuwa ameona filamu juu ya mpingo akaona hawezi kuendelea kuukereza bila kuurudishia kitu. Chuwa alifariki 2014, na miche yake imesimama. Kisha, mwaka 2010, akaja Michele Von Haugg, mpiga klarineti wa Marekani, na mradi ulioitwa Clarinets for Conservation. Alikuja na klarineti zenyewe. Wanafunzi wa sekondari ya Korongoni wakafundishwa kupiga, na waliofundishwa kupiga wakapanda mpingo. Mradi ulikua ukaitwa Daraja Music Initiative, ukaongeza ala za nyuzi.

Hilo la kuja na klarineti ndilo ninaloliona kubwa kuliko cheti na kibali. Kumwambia mtoto aulinde mti kwa sababu watu wa mbali wanauhitaji ni kumpa kazi ya ulinzi. Kumwekea mti huo mdomoni, aone pumzi yake mwenyewe inavyogeuka sauti, ni kumkabidhi mali. Mche alioupanda yule mwanafunzi wa 2010 hautavunwa kabla ya miaka ya 2080, na huenda ukangoja hadi 2110. Hautamlipa senti. Alichokipata yeye ni kujua kinachongojwa.

Reli hiyo ina kichwa na mkia, na kichwa chake kiko bandarini kwetu. Natamani kilichofanyika Moshi kishuke Korogwe, Muheza, Handeni, Pangani. Pwani hii ilikuwa na wakereza kabla ya viwanda vya Paris: keezo ilizungushwa kwa kamba na mkono, ikatoa miguu ya vitanda vya samadari ambayo bado imesimama katika nyumba za zamani. Chuo cha ufundi kikifundisha kijana kukereza na kutoboa mpingo kwa vipimo vya ala, hata akaanza na ukarabati wa klarineti za bendi, kubadilisha koki, kuziba ufa, tutakuwa na mtu anayeufahamu mti huu hadi mwisho wa safari yake.

Na natamani utungo. Mtunzi wa huku, anayeijua sengenya na anayeijua klarineti, aandike kwa ala mbili hizo na ngoma. Nauona unavyoweza kuanza: klarineti inaingia kutoka ukimyani, noti moja ndefu chini kabisa, hadi watu waangaliane wakiulizana nani anapuliza, kisha zumari inaupasua uwanja, haibishi hodi, na ngoma zinaifuata. Klarineti isijaribu kushindana nayo. Ikae chini yake, itembee, isubiri mpiga zumari apumzike, na hapo ijaze. Upigwe Handeni mjini kabla ya kupigwa ukumbi wowote, siku ya gulio, mchana. Wapasuaji mbao waalikwe kwa majina, na viti vyao viwe vya mbele.